Tuta Lililoharibu Mandhari

Wiki moja kabla ya Siku ya Usalama Kazini, uongozi wa eneo la ujenzi uliamua kukiondoa kitu pekee kilichokuwa kikiwaweka watu salama. Haukufanya hivyo kwa ubaya. Wageni walikuwa wanakuja, na kitu chenyewe kilikuwa na sura mbaya.

Kilikuwa tuta la udongo. Nyuma ya jengo, lililokuwa limefika ghorofa ya tisa, kulikuwa na shimo la machimbo ya zamani, lenye kina cha nyumba ya ghorofa tatu, likijazwa kifusi ili siku moja liwe maegesho ya magari. Matipa yalipakiwa mbele ya jengo, yakazunguka, yakarudi kinyumenyume mpaka ukingoni, yakapandisha bodi na kumwaga. Tuta lilikuwa limelala pale ukingoni, kimo chake nusu ya tairi, na kazi yake ilikuwa moja tu. Tairi za nyuma zikiligusa, dereva anasikia kiti kinamsukuma kidogo mgongoni, anajua amefika. Hana haja ya kuona, maana hata akitaka kuona hawezi: nyuma yake kuna bodi la chuma lenye urefu wa chumba kizima.

Meneja wa mradi alipita pale na koti lake mkononi, akalitazama tuta kwa muda.

"Linafanana na kaburi," alisema. "Wageni watakaa hemani saa tatu nzima wakitazama kaburi?"

Mchana huohuo katapila likalisukumia tuta shimoni. Mahali pake wakapiga mstari mweupe wa chokaa, umenyooka vizuri sana, na kando yake wakapanga ndoo kumi na mbili za maua ya kukodi. Kila aliyepita alikiri kwamba sasa pamependeza.

Aliyekataa kuona uzuri huo alikuwa dereva wa tipa namba nne. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mabega yamejaa mlango, na pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bibi Harusi, kwa sababu ya mwendo. Wenzake walidai kwamba kifusi akikibeba asubuhi, mpaka kifike shimoni kimeshaota nyasi. Kila siku kabla ya kuwasha, alilizunguka tipa lake lote kwa miguu, akainama kutafuta mafuta yanayodondoka, akagonga tairi moja moja kwa kisigino, akakanyaga breki mara tatu, akafuta vioo vyote viwili kwa kitambaa alichokuja nacho kutoka nyumbani. Kila siku walimcheka, na kila siku alijifanya hasikii. Miaka ishirini na miwili ya kuendesha mizigo mizito, hakuwa amemkwaruza hata paka.

Sasa, mtu aliyekuwa ameandaa Siku ya Usalama, mstari wa chokaa ukiwemo, hakuwa mtu baki. Alikuwa afisa usalama wa pale, na afisa usalama huyo alikuwa shemeji yake, kitindamimba katika familia ya mke wake. Alikaa nyumbani kwa Bibi Harusi miaka minne akisoma, na ni Bibi Harusi aliyempelekea barua yake ya maombi ya kazi, akiishika kwa ncha za vidole ili asiichafue kwa grisi.

Kijana wa watu hakuwa mjinga, tusimwonee. Mwaka mzima alikuwa amewabembeleza mafundi wavae kofia ngumu, nao walizivaa alipokuwa anatazama na kuzikalia alipogeuka. Alibandika mabango, yakatumika kufunikia saruji isinyeshewe. Aliandika ripoti kumi na nne. Meneja alizisifia uzito wa karatasi. Halafu siku moja Meneja huyohuyo akamwita ofisini, akamwekea kiti, akamwambia "mwanangu," akamkabidhi hema, vipaza sauti na keki. Mtu ambaye hajasikilizwa mwaka mzima akisikilizwa siku moja, ukimwomba tuta atakupa na katapila la kulisukuma.

Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuja kula kwa dada yake, kama ilivyokuwa desturi yake, lakini safari hii alishindwa hata kukaa vizuri kwa furaha.

"Shemeji, kesho wewe ndiye utakayetuonyesha," alisema. "Meneja mwenyewe amekuchagua. Miaka ishirini na miwili bila ajali! Unarudi nyuma na mzigo kamili mpaka kwenye mstari, unamwaga, unashuka, unawapungia wageni mkono. Dakika nne."

"Tuta liko wapi?" Bibi Harusi aliuliza.

"Kuna mstari."

"Mstari nimeuona. Nimeuliza tuta."

"Una upana wa sentimita thelathini, shemeji. Niliuvutia kamba mwenyewe."

"Hongera. Tairi litajuaje kwamba limeufikia?"

Shemeji alitafuna kwa muda mrefu kuliko tonge lilivyostahili. "Mimi nitakuwa nimesimama palepale, upande wako, unione kwenye kioo. Nikikuita kwa mikono miwili, njoo. Nikikunja ngumi, simama."

"Utasimama wapi hasa?"

"Kwenye mstari."

"Na chini ya mstari kuna nini?"

"Kuna ardhi, shemeji. Ulitaka kuwe na nini?"

"Ardhi!" Bibi Harusi aliweka kijiko chini. "Ile ni takataka tuliyoimwaga wenyewe mwezi uliopita. Haijashindiliwa, haijashikana na kitu, na mvua ya juzi yote imeinywa. Mimi nikiwa nimejaa, nina tani ishirini na nane za mzigo peke yake, hujahesabu chuma. Unataka nizirudishe mpaka kwenye chokaa, kwa kukutazama wewe mikono, na wewe mwenyewe umesimama hapohapo nyuma?"

Mke wake, fundi cherehani mwenye maneno machache na macho makali, alikuwa akiwapakulia mchuzi. Sasa akamgeukia mumewe.

"Baba, huyu hajawahi kupewa hata meza ya ofisi. Kesho wanamtangaza mkuu wa usalama, mbele za watu, na mimi nimealikwa. Nimeshona gauni. Ni dakika nne tu."

"Dakika nne zinatosha," alisema mumewe.

"Zinatosha nini?"

Angejibu nini, kwamba zinatosha kumrudisha nyumbani bila mume na bila ndugu kwa mkupuo mmoja? Alimaliza chakula chake, akasema atajaribu, na shemeji akachukua neno hilo kuwa ndiyo.

Siku ya Usalama ilipendeza. Hema lilikuwa jeupe, viti vimevishwa vitambaa, na wageni kutoka makao makuu walivaa kofia ngumu mpya ambazo nyingine bado zilikuwa na nailoni. Waya wa vipaza sauti ulipita katikati ya dimbwi la maji, lakini ulikuwa umefungwa utepe wa rangi, kwa hiyo hakuna aliyejali. Kulikuwa na keki yenye umbo la kofia ngumu. Kulikuwa na bango refu lililofunika upande mzima wa hema, na juu yake, kwa herufi kubwa kama ndoo, shemeji alikuwa ameandika: KILA MFANYAKAZI ANA HAKI YA KUSIMAMISHA KAZI ISIYO SALAMA. Meneja alitoa hotuba ndefu na kusema "usalama kwanza" mara kumi na moja. Bibi Harusi alizihesabu, maana hakuwa na kazi nyingine.

Kisha wakamwita.

Alilizunguka tipa lake kama kawaida, akainama, akagonga tairi, akafuta vioo. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Mke wake, kwenye safu ya pili, naye alipiga, akiwa na gauni lake jipya la rangi ya zambarau. Bibi Harusi akapanda, akawasha, akaweka gia ya nyuma.

Kwenye kioo cha kulia alimwona shemeji. Amesimama wima juu ya mstari, kizibao chake cha rangi ya chungwa kimepigwa pasi, na ametabasamu kwa meno yote. Mikono miwili iko juu, viganja vinakunja na kukunjua: njoo, njoo, njoo. Tipa lilirudi taratibu. Hatua arobaini. Hatua thelathini. Bibi Harusi aligundua kwamba mgongo wake umekaza ukisubiri ule msukumo mdogo wa tuta, na hapohapo akakumbuka kwamba hautakuja. Hautakuja hata kidogo. Kitakachomjulisha kwamba amepita ni kioo cha mbele kujaa mawingu.

Aliogopa. Si ule woga wa kusimuliana na kucheka baadaye. Zikibaki hatua ishirini hivi, akakanyaga breki.

Shemeji aliendelea kumwita, haraka zaidi. Njoo, njoo.

Bibi Harusi akavuta breki ya mkono. Akazima injini. Akashuka na kabari mbili za mbao, akazipigilia chini ya tairi, moja mbele na moja nyuma, kisha akatia ufunguo mfukoni. Kwa ufupi alifuata kila hatua iliyoandikwa kwenye kijitabu walichogawiwa wageni mlangoni.

Shemeji alimjia mbio, tabasamu bado limegandia usoni kwa ajili ya wageni. "Shemeji, unafanya nini?" alinong'ona. "Zimebaki hatua ishirini!"

"Nirudishieni tuta, nitakwenda."

"Usinifanyie hivi. Leo usinifanyie hivi."

Meneja naye akafika, akicheka ha-ha-ha kuelekea hemani na kuuma meno kuelekea kwa dereva. "Kuna tatizo la gari?"

"Gari ni zima," alisema Bibi Harusi, na kwa kuwa sauti yake haikujua kunong'ona, safu zote zilimsikia. "Ukingo ndio siuamini. Nasimamisha kazi." Akaonyesha bango kwa kidevu. Hakuwa anatania. Alidhani kweli lile bango liliandikwa ili litumike, na kwa hilo alikuwa peke yake katika eneo zima la ujenzi.

Mgeni mmoja alikohoa. Meneja alishika kipaza sauti, akatangaza kwamba ndugu dereva hajisikii vizuri, umri nao, na kwamba mwenzake atachukua nafasi. Mwenzake huyo aliitwa Risasi, na jina hilo halihitaji maelezo. Risasi alikuwa na tipa lake tayari kwenye foleni. Alilizungusha kwa mkono mmoja, akarudi nyuma kando ya tipa namba nne kwa kasi iliyofanya vitambaa vya viti vipepee, shemeji akimwita kwa mikono miwili, njoo, njoo, kisha ngumi. Tairi zikasimama juu ya chokaa kana kwamba zimepimwa kwa rula. Bodi likapanda, kifusi kikaporomoka shimoni, vumbi likainuka kwa heshima zake zote, na hema likalipuka kwa makofi.

Hakuna kilichotokea. Ardhi haikutikisika, wala ndoo ya maua haikuanguka. Risasi alipewa cheti cha Dereva Salama wa Mwaka. Shemeji alitangazwa mkuu wa usalama, akapigwa picha ukingoni akiwa na Meneja na wageni wawili. Keki ikakatwa. Bibi Harusi alipewa barua ya kusimamishwa kazi mwezi mmoja kwa kosa la kuchafua taswira ya usalama ya kampuni, akaisoma mara mbili kwa sababu alifikiri macho yake yana kasoro, kisha akakabidhi ufunguo wa tipa.

Walipofika nyumbani mke wake alivua gauni, akalikunja, akalirudisha kwenye mfuko wa nailoni.

"Risasi ameweza," ndicho alichosema.

Hilo lilimwingia kuliko barua. Ni kweli, Risasi ameweza. Siku mbili zilizofuata Bibi Harusi aliketi sebuleni kwake mchana kweupe, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu azaliwe mtoto wao wa mwisho, akajiuliza kama miaka yote hii alikuwa mwangalifu au mwoga tu aliyepata kazi inayofanana na woga wake. Alitengeneza bawaba ya kabati ambayo haikuwa mbovu. Mke wake alishona, na cherehani ilisema yote ambayo yeye hakuyasema. Alimwonea haya mkewe, alimwonea haya na kijana wa watu, na kubwa zaidi, alianza kusadiki kwamba Meneja alikuwa sahihi kuhusu umri.

Siku ya tatu, kwenye saa tano asubuhi, mlango uligongwa. Alikuwa shemeji. Viatu vyake vya kazi vilijaa tope, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu aliingia nyumba ile bila kuuliza kumepikwa nini. Akakaa mezani. Akatoa mfukoni funguo tano, akaziweka juu ya meza moja moja. Bibi Harusi aliutambua wake kwa kipande cha utepe mweusi alichokuwa ameuzungushia.

"Za matipa yote," alisema shemeji. "Nimeondoka nazo."

"Umeziiba?" dada yake aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Ndiyo, dada."

Cherehani ikanyamaza.

"Nilikwenda kukusanya ndoo za maua," alisema, "wenyewe wanazidai. Moja ilikuwa imeinama. Nikaiinua, nikaona ufa hatua chache nyuma yake. Nikaufuata. Umekata moja kwa moja, shemeji, kutoka ndoo ya kwanza mpaka ya mwisho, na haupo kwenye mstari, upo ndani, upande huu wetu, hatua tatu kabla ya mstari. Nimetia mkono ukaingia mpaka hapa." Alijishika kiwiko. "Alama za tairi za Risasi ziko upande wa pili wa ufa. Na alama za viatu vyangu. Zote ziko upande wa shimo."

Bibi Harusi akammiminia chai.

"Nikamkimbilia Meneja. Akaja, akatazama, akasema uzibwe kwa saruji na mstari upakwe upya, kwa sababu picha zimeshakwenda makao makuu na kazi haiwezi kulala. Matipa yalikuwa yameshapanga foleni. Nikamwambia nasimamisha kazi. Akaniambia lile ni bango tu, mwanangu." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akifanya enzi za kusoma. "Basi nikapita tipa moja moja, nikawaambia madereva nataka kukagua, nikachomoa funguo. Wakanipa, mimi si ndiye mkuu wa usalama?"

Simu yake ikaanza kutetemeka mezani, ikisogea kidogo kidogo kuelekea kwenye funguo. Jina la Meneja liliwaka. Hakuishika.

"Wamekufukuza?" aliuliza Bibi Harusi.

"Sijui. Nadhani ndicho anachotaka kuniambia."

"Funguo hizo tutazipeleka wote wawili," alisema Bibi Harusi, "na tuta litarudi kwanza. Kunywa chai."

Lakini shemeji hakuitazama chai. Alikuwa na jambo bado, na ilionekana ndilo lililomleta, kuliko ufa na kuliko funguo.

"Nimemuuliza mpakiaji," alisema. "Siku ile Risasi alikuwa na nusu ya mzigo. Mpakiaji aliacha kumpakia akawahi keki. Nusu, shemeji, na ardhi imepasuka. Wewe ulikuwa umejaa."

"Nilikuwa nimejaa," Bibi Harusi alikubali.

"Nilikuwa nakuita."

Akainua mikono yake miwili juu ya meza, viganja vikimwelekea mwenyewe, na vidole vikaanza kukunja na kukunjua, njoo, njoo, njoo, na akawa anavitazama kana kwamba si vyake. Dada yake alinyanyuka, akaja nyuma ya kiti chake, akaishika ile mikono yote miwili na kuishusha. Akaendelea kuikandamiza juu ya meza, kwa nguvu, wakati macho yake yakiwa kwa mumewe. Simu ilikuwa bado inatetemeka.